Maji Yaliyopita kwa Jirani



Mtoto wa Butembo au wa Beni hujifunza kubeba maji kabla ya kujifunza kuandika. Tumekua tukilijua bidoni la njano la lita 20 kama tunavyowajua ndugu zetu: tunajua uzito wake likijaa, tunajua mahali mpini wake unapokata vidole, tunajua ni lipi la kwenda nalo chemchemini na ni lipi lililowahi kubeba mafuta ya taa na halifai tena kwa maji ya kunywa. Butembo imekaa juu ya vilima, na chini ya vilima vingi kuna jicho la maji. Mvua yetu ni nyingi. Mgeni atokaye nchi kavu akiiona ataapa kwamba sisi hatuwezi kuwa na shida ya maji.

Hata hivyo wingi wa maji ni jambo moja na usafi wake ni jambo jingine. Katika tafakari hii tungependa kukaa pamoja nanyi juu ya swali ambalo mara nyingi halitujii tunapopanga mstari chemchemini: maji haya, kabla ya kutufikia, yamepita kwa nani?

Maji hayaumbwi upya kila asubuhi. Mvua inayonyesha juu ya kilima huingia udongoni, hushuka polepole kati ya mchanga na mawe, kisha hutokeza bondeni. Katika safari hiyo hupita chini ya nyumba, chini ya vyoo vya shimo, chini ya mabanda ya nguruwe, chini ya karakana inakomwagwa oili chafu. Maji ambayo jirani wa juu amefulia na kuogea hushuka kwa njia hiyo hiyo. Mto Kimemi unaokatiza mji wa Butembo hupokea yote yanayotiririka kutoka mitaroni, kisha huendelea na safari yake kwa watu wengine ambao hatuwajui. Kwa hiyo sisi tukaao mabondeni tunakunywa maji ambayo kwa sehemu yamekwisha kutumika. Iko miji duniani inayokunywa maji yaliyotumika kwa kujua, ikiwa na sheria, vipimo na mitambo ya kuyasafisha. Sisi tunayanywa bila kuulizana.

Jumamosi moja, baada ya salongo, kikundi chetu kilifanya jambo dogo. Tulichagua chemchemi moja ambayo wengi wetu tunateka, tukasimama kwenye bomba lake, tukageuka na kupanda mlima tukihesabu hatua. Tulitaka kuona kwa macho yetu kilichoko juu ya maji yetu. Choo cha kwanza tulikifikia kabla hatujatimiza hatua 30. Juu yake kulikuwa na kingine, na kingine tena. Tulikuta banda la nguruwe ambalo mtaro wake umeelekezwa moja kwa moja bondeni. Tulikuta vijana wa rika letu wakitengeneza pikipiki, na udongo wa pale ulikuwa mweusi kwa oili. Hakuna aliyekuwa anafanya ubaya kwa makusudi. Kila mmoja alikuwa anaishi tu, pale alipopata kiwanja.

Mama mmoja alitoka nyumbani kwake akatuuliza, "Wanangu, mnapima nini?"

Tukamsalimu, tukamweleza. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa mnataka choo changu nikihamishie wapi? Kiwanja changu ni hiki tu. Na maji ninayokunywa mimi ni hayo hayo ya chini." Tukanyamaza. Yeye akatazama juu ya mlima, akaongeza, "Na huyo aliye juu yangu, mmekwisha kumuuliza?"

Swali la mama yule tumelibeba tangu siku hiyo. Kila mtu ana jirani aliye juu yake, na kila mtu ni jirani wa juu wa mwingine. Mama yule akibomoa choo chake leo, maji ya chemchemi hayatakuwa safi, kwa sababu vipo vyoo vingine juu yake. Tukimlaumu peke yake tutakuwa tumemwonea. Na tukisema kwamba kila mtu achemshe maji yake nyumbani, tutakuwa tumewatwisha mzigo wale wasio na fedha ya makala, ambao ndio wengi. Jambo lenyewe ni la mlima mzima, tena ni la mji mzima.

Wataalamu wa misaada ya dharura wana kanuni inayofaa kukumbukwa: choo kiwe mbali na chanzo cha maji angalau mita 30, na shimo lake liishie angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji yaliyo ardhini. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Udongo ni chujio. Vijidudu vinavyoshuka pamoja na maji hunaswa katika chembe za mchanga, huzeeka na kufa njiani. Lakini udongo unahitaji nafasi na muda. Vyoo vikisongamana, au shimo likichimbwa hadi kwenye maji, au mvua kubwa ikisukuma kila kitu kwa haraka, chujio hilo hushindwa. Ndiyo maana chemchemi ambayo maji yake yalikunyweka salama wakati kilima kilipokuwa na migomba na nyumba chache yaweza kuwa hatari leo, ingawa maji yake bado yanang'aa vile vile. Jicho haliwezi kuona kijidudu cha kipindupindu wala cha homa ya matumbo.

Tukasoma, tukauliza, tukataka kujua kama kuna mahali ambapo watu wa juu na watu wa chini wamewahi kukaa pamoja juu ya jambo hili. Wapo, na habari zao zinafaa kusimuliwa katika kikundi.

Huko California, nchini Marekani, katika wilaya iitwayo Orange County, zilikuwapo mamlaka mbili za umma, kila moja na tatizo lake. Ya kwanza kazi yake ilikuwa kukusanya majitaka ya miji, kuyasafisha kwa kiasi na kuyamwaga baharini. Watu walipoongezeka, mamlaka hiyo ilikabiliwa na gharama kubwa ya kujenga bomba jingine la kufikia baharini. Ya pili kazi yake ilikuwa kutunza maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo wananchi huyavuta visimani. Nayo iliona maji ya chumvi ya bahari yakipenya na kuharibu akiba hiyo. Mmoja alikuwa na maji asiyojua pa kuyapeleka, mwingine alikuwa anatafuta maji. Wakakaa meza moja. Mwaka 2008 mtambo wao wa pamoja ulianza kazi. Majitaka yaliyokwisha kusafishwa na mamlaka ya kwanza hupokewa na ya pili, hupitishwa katika vichujio vyenye matundu madogo mno, kisha husukumwa kwa nguvu katika tando zinazopitisha maji na kuzuia chumvi, mabaki ya dawa na virusi, na mwisho huangazwa kwa mwanga wa urujuanimno. Maji yakiisha kusafika hivyo hurudishwa ardhini, na baadaye huvutwa na kunywewa. Baada ya upanuzi uliokamilika mwaka 2023, mtambo huo waweza kutoa karibu mita za ujazo 490,000 kwa siku.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Katika bara letu la Afrika upo mji unaoyazoa. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umezungukwa na nchi kavu, na mito isiyokauka iko mbali nao mamia ya kilomita. Mwaka 1968 wakazi wake walianza kunywa maji yaliyotokana na majitaka ya mji wenyewe na kusafishwa upya. Walikuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo moja kwa moja, bila kuyapitisha kwanza katika mto au ardhini. Mwaka 2002 mtambo mpya ulifunguliwa, wenye uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Humo maji hupita hatua nyingi zinazofuatana: uchafu hugandishwa na kuondolewa, kisha hufuata mchanga, gesi ya ozoni, kaboni maalumu inayonasa sumu, tando nyembamba, na klorini mwishoni. Hatua moja ikishindwa, nyingine ipo nyuma yake. Na kabla ya hatua zote hizo kuna jambo moja lisilohitaji mtambo wowote: maji ya viwanda hutenganishwa na maji ya majumbani, kwa kuwa sumu ya kiwandani ni ngumu kuiondoa ikishachanganyika. Usafi unaanzia pale mtu anapoamua asichanganye.

Mfano wa tatu uko karibu nasi zaidi. Wafanyabiashara wetu wanaovuka Kasindi kwenda Kampala huyanywa maji yake bila kujua safari yake. Mtaro wa Nakivubo hukusanya maji machafu ya sehemu kubwa ya mji huo na kuyamwaga katika ghuba ya ndani ya Murchison, katika Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyo hiyo, kule Ggaba, mitambo ya mji huvuta maji ya kunywa. Kampala inakunywa, kupitia ziwa, maji iliyoyatumia yenyewe. Kadiri ghuba ilivyochafuka ndivyo usafishaji pale Ggaba ulivyozidi kuwa mgumu na wa gharama. Uganda imejibu kwa njia mbili: imejenga mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka huko Bugolobi, wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, na imejenga mtambo mwingine wa maji ya kunywa mbali na ghuba hiyo, huko Katosi. Shirika moja la taifa lina dhamana ya maji safi na ya majitaka pia, kwa hiyo hasara ya upande mmoja inaonekana katika hesabu ya upande wa pili.

Sasa tuirudie miji yetu. Nani kwetu anaondoa uchafu? Ni mwenye nyumba anayechimba shimo, ni mtu anayelipwa kulizoa likijaa, ni ofisi ya usafi ya mji. Nani analeta maji? Ni Regideso pale mabomba yake yalipofika, ni kamati za chemchemi, ni wauzaji wa maji, ni akina mama na watoto wenye bidoni kichwani, ni chukudu na baiskeli. Hawa wa kwanza na hawa wa pili ni mara chache sana wakutane. Kila upande una tatizo lake, na kila upande haujui kwamba ufumbuzi wake uko kwa mwenzake.

Huko Beni swali hili lina uzito mwingine. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu kutoka vijiji na miji midogo kama Eringeti na Oicha, na wengi wamekuja kujibanza mjini. Kila kundi la wakimbizi wa ndani linapofika, chemchemi zile zile zinaombwa maji na watu wengi zaidi, na vyoo vipya vinachimbwa mahali palipobaki. Butembo nayo iliwapokea wengi waliokimbia vita kusini mwa Lubero mwaka 2024. Kanuni za kibinadamu husema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na maji yasiwe mbali na nyumba kupita mita 500. Kwa msichana wa pembezoni mwa Beni mita hizo ni suala la uhai: kadiri chemchemi inavyokuwa mbali ndivyo anavyokuwa peke yake njiani alfajiri. Maji safi yaliyo karibu ni sehemu ya usalama wake.

Sheria haikutuacha bila neno. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungua mlango ili huduma ya maji isibaki mikononi mwa shirika moja la serikali, na ikazipa mikoa na mamlaka za chini yake nafasi ya kuisimamia. Maana yake ni kwamba mji na komuni vinaweza kushirikiana na kamati ya wananchi, na chuo kikuu, na hospitali, na parokia. Nalo Kanisa limesema wazi: katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mwanadamu, kwa kuwa bila hayo hakuna uhai. Anayenyimwa maji safi ananyimwa stahili ya utu wake.

Lakini karatasi haichoti maji. Tangu Mei 2021 mkoa wetu umekuwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, na miji ya Beni na Butembo ikawekewa maofisa wa polisi mahali pa mameya wa kiraia. Kiongozi anayekuja kwa amri huondoka kwa amri. Hatusemi hivyo ili kumdharau yeyote. Tunasema hivyo kwa sababu ubia wa maji hudumu miaka mingi, na unahitaji watu watakaokuwapo kiongozi atakapobadilishwa. Hao ni wakazi wa mlima wenyewe. Mji wa Butembo una sifa ya kale ya watu waliojichangisha wakatengeneza barabara na kujenga shule bila kungoja. Tunalo jambo la kuleta mezani.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni imani ya watu kwa watu. Mwaka 2006 wakazi wa Toowoomba, mji wa Australia uliokuwa umekaukiwa, waliulizwa kwa kura kama wanakubali kunywa maji yaliyosafishwa upya. Wengi walikataa. Mitambo ilikuwa inajulikana kufanya kazi kwingineko, ila wananchi hawakuwa tayari kuwaamini waliowaletea habari hiyo.

Sisi hatuhitaji kwenda Australia kujifunza somo hilo. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika eneo letu, na ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Ndoo za maji yenye klorini ziliwekwa kila mlango: kanisani, sokoni, shuleni, kwenye vizuizi vya barabara. Tulinawa mpaka ngozi ikakauka. Na bado wengi hawakuwaamini walioziweka ndoo zile. Watu walijiuliza kwa nini walioachwa wauawe miaka mingi wameletewa ghafla magari na madaktari wengi hivyo. Desemba 2018 uchaguzi ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya ugonjwa na ukosefu wa usalama, shaka iliongezeka. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo akiwa kazini. Klorini ilikuwa ile ile siku zote, yenye nguvu ile ile ya kuua virusi. Kilichopungua kilikuwa kuaminiana, na watu walikufa kwa upungufu huo.

Kwa hiyo tunapowaza juu ya ubia wa maji katika miji yetu, hatuanzi na mtambo wa tando. Mtambo wa namna hiyo unahitaji umeme usiokatika, tando zinazobadilishwa kila baada ya miaka, na mafundi wa kuutunza. Tena unahitaji majitaka yakusanywe kwanza kwa mabomba, na kartie zetu nyingi hazina mabomba hayo. Huenda watoto wetu wataujenga. Sisi tunaanza na yale ambayo miji hiyo iliyafanya kabla ya mashine.

La kwanza ni kutenganisha. Oili ya karakana ikusanywe katika pipa, isimwagwe mtaroni. Mtaro wa banda la nguruwe ugeuzwe usielekee chemchemi. La pili ni kulinda jicho la maji: kuchimba mpaka pale maji yanapotokea hasa, kuyazungushia kokoto na mawe, kuyafunika kwa udongo wa mfinyanzi, kujenga ukuta wenye bomba, kuchimba mtaro wa juu wa kuepusha maji ya mvua, na kuzungushia ua ili mifugo isikanyage. La tatu ni klorini. Mara nyingi kipindupindu kilipozuka mashariki mwa nchi yetu, kijana mmoja mwenye bomba la sindano alisimama kwenye mateko akitia kipimo katika kila bidoni. Maji yakikaa dakika 30 huwa tayari kunyweka. Maji yenye tope yatulizwe na kuchujwa kwanza, maana tope huilinda vijidudu. La nne ni kupima, na kuyabandika majibu pale pale chemchemini ili kila mtekaji ayasome. Kidonge kidogo kinachogeuza maji kuwa ya waridi chatosha kuonyesha kama klorini imebaki kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kijana aliyemaliza shule anaweza kujifunza kazi hiyo kwa siku chache. Majibu yakiwa mabaya, yaandikwe vile vile. Watu wataliamini bango lililowahi kuwaambia habari mbaya.

Tulipofika kwenye fedha, kikundi chetu kiligawanyika, na tunaona vema mjue hivyo. Baadhi yetu walisema maji ya chemchemi ni zawadi ya Mungu, na atakayeyawekea bei atakuwa amemfungia maskini mlango. Wengine walisema chemchemi isiyo na mtunzaji anayelipwa hufa baada ya mwaka mmoja: bomba huvunjika, ua huibwa kuni, klorini huisha. Tulibishana majuma matatu. Mwishowe tulikubaliana kwamba maji yasiuzwe, ila utunzaji wake uchangiwe. Kila nyumba itoe kila mwezi kadiri iwezavyo. Jina la asiyeweza lisitajwe. Na hesabu isomwe hadharani mbele ya watu wa avenyu, mpaka franka ya mwisho. Wapo miongoni mwetu ambao bado hawajaridhika, nao wana sababu zao.

Na choo cha mama yule? Tulirudi kwake, mara hii tukiwa pamoja na mkuu wa avenyu na baadhi ya majirani zake. Lilitolewa wazo la kujenga choo cha pamoja upande wa pili wa mlima, ambako maji hayashuki kuelekea chemchemi, chenye shimo fupi lililojengewa kuta na litakalozolewa kila likijaa. Mama alikubali. Jirani wawili wakakubali. Mwenye kipande cha ardhi kinachohitajika bado hajakubali, na hatuwezi kumlazimisha. Tena hata akikubali, litabaki swali la mahali pa kupeleka kitakachozolewa, na hilo kikundi cha vijana hakiwezi kulijibu. Ndipo tunapouhitaji mji: ofisi yenye eneo, yenye gari, yenye amri. Barua yetu kwa ofisi hiyo imekwisha kuandikwa, ikiwa na sahihi za watu wa juu ya mlima na za watu wa chini. Kuzipata sahihi hizo pamoja kwenye karatasi moja kulituchukua muda mrefu kuliko kuiandika.

Tunawaomba ninyi nanyi mfanye kazi kama hiyo katika parokia zenu, kila kikundi kwenye chemchemi yake. Chukueni daftari, pandeni mlima, wasalimuni watu kwa heshima, na sikilizeni kuliko mnavyosema. Mkutane kisha mshirikishane juu ya maswali haya:

1. Ni nani anayekaa juu ya maji tunayokunywa, na ni nani anayekunywa maji yanayotoka kwetu? Je, tunawajua kwa majina?

2. Katika kartie yetu, ni nani wanaoondoa uchafu na ni nani wanaoleta maji? Tufanye nini ili wakutane mezani mwezi huu?

3. Ni jambo gani lililovunja kuaminiana kati yetu na viongozi wakati wa Ebola, na ni tendo gani dogo laweza kuanza kulirekebisha?

4. Kuhusu fedha za kutunza chemchemi, kikundi chenu kina msimamo gani? Asiyeweza kuchangia atalindwaje?